Siku Tano za Mwisho: Tukirejea Tanga kwa Njia ya Pwani

Tulipoegesha gari letu chini ya miembe ya Bagamoyo, safari yetu ya wiki tatu ilikuwa imebakiza siku tano. Tulitoka Tanga mwanzoni mwa likizo ya shule ya mwezi wa Juni, tukashuka moja kwa moja hadi Mtwara, na kutoka Mikindani tukaanza kurudi polepole tukiifuata bahari: Lindi, Kilwa Masoko, ng'ambo ya maji hadi Kilwa Kisiwani, Daraja la Mkapa juu ya Mto Rufiji, Dar es Salaam, na sasa mji huu wa kale. Tulikuwa watu sita: sisi wawili, mume na mke, watoto wetu watatu, na Mama, mzazi wa mume, ambaye kiti cha mbele kilikuwa chake tangu siku ya kwanza na hakuna aliyethubutu kukidai.

Gari lenyewe ni HiAce kuukuu lililowahi kubeba abiria wa daladala. Tuliving'oa viti vya nyuma, na fundi seremala akatutengenezea kitanda cha mbao kinachokunjwa kikawa benchi. Chini yake tuliweka nguo, mchele, unga na jiko dogo la gesi. Nyuma yalikaa madumu manne ya maji, mikeka miwili, chandarua, na hema la wavulana. Usiku Mama na binti yetu walilala ndani ya gari, sisi wengine nje.

Kila tulipofika kijijini tulianza msikitini. Tuliwasalimu waliokuwepo, tukajitambulisha kwa imamu, naye akatuelekeza kwa mwenyekiti wa kijiji. Baada ya hapo hatukuhitaji mlinzi, na mara nyingi tuliletewa dafu au samaki kabla hatujawasha jiko. Familia itakayopenda kusafiri namna hii izingatie mambo matatu: ifike mahali pa kulala jua likingali juu, iulize mapema maji yako wapi na wanawake watatawadhia wapi, na isiegeshe gari mchangani bila kujua bamvua ni lini, kwani maji ya bamvua hufika mahali ambapo maji mafu hayafiki.

Hata hivyo, haikuwa safari ya matembezi matupu. Baina ya Pangani na Tongoni liko shamba la minazi aliloliacha marehemu baba, Mwenyezi Mungu amrehemu, na shamba hilo lilikuwa limepata mnunuzi. Warithi ni Mama, mwenye thumuni yake, wana wawili na mabinti wawili. Kaka yetu mkubwa, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, alikuwa ameitisha kikao cha ukoo Tanga siku ya Jumamosi. Sisi tulipewa kazi moja tu: kupita shambani, kukagua mipaka, na kuleta taarifa. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa amemaliza kidato cha sita na anasubiri matokeo. Fungu letu la mauzo hayo tulikuwa tumekwisha kulipigia hesabu ya ada ya chuo.

Kaole

Magofu ya Kaole yako mwendo wa kilomita chache kusini ya Bagamoyo. Msikiti wake mkongwe unakadiriwa kuwa wa karne ya 13. Mihrabu yake ingali inaelekea Makka, na kandokando yake yamelala makaburi ya mawe ya matumbawe, mengine yakiwa na nguzo. Zamani hapa palikuwa na bandari. Tope na mchanga viliijaza, mikoko ikaota pale majahazi yalipotia nanga, na biashara ikahamia Bagamoyo, mji uliokuja kuwa kituo kikuu cha misafara ya bara na makao makuu ya kwanza ya Wajerumani katika nchi hii, mpaka walipohamia Dar es Salaam mwaka 1891.

Kijana wetu wa pili alimwuliza mwongozaji matajiri wa mji huu walikuwa wakikaa wapi. Yule bwana alinyoosha mkono kwenye majani na vichaka. Nyumba walizolala, maghala walimohifadhi bidhaa na baraza walizozungumzia bei hazionekani tena. Vilivyosimama mpaka leo ni msikiti, makaburi, na kisima ambacho maji yake bado yanachotwa.

Tulisali adhuhuri na alasiri pamoja, rakaa mbili mbili, kama tulivyokuwa tukifanya tangu tulipotoka nyumbani. Watoto walikuwa wameanza kuifurahia ruhusa hiyo ya msafiri kwa ufupi wake. Mama aliwaambia kwamba kupunguza sala safarini ni sadaka aliyotupa Mola wetu, na sadaka ya mkubwa hupokewa kwa adabu, haichekelewi.

Saadani na Ushongo

Siku ya pili tulishika njia ya Makurunge, tukavuka Mto Wami, tukaingia Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Hapo pori hukutana na bahari. Ukiwa na subira utamwona ngiri akikatiza mahali ambapo saa moja kabla wavuvi walikuwa wakivuta nyavu. Kijiji cha Saadani kinatazamana na Unguja, na kwa karne nyingi majahazi yalivuka baina yao. Bwana Heri, mtawala wa mji huu, aliwapinga Wajerumani mwaka 1889, wakati uleule Abushiri bin Salim alipokuwa akipigana nao Pangani na Bagamoyo. Leo Saadani ni mahali patulivu penye wavuvi na mashamba ya chumvi. Tulilala katika eneo la kambi lililoruhusiwa, na wavulana kwa mara ya kwanza waliomba kulala ndani ya gari.

Siku ya tatu tulipita Mkwaja na kufika Ushongo, kusini ya mlango wa Mto Pangani. Kutoka hapo mashua huenda Maziwe. Maziwe ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 1975, na sifa yake ilikuwa kasa waliokuja kutaga mayai. Kilikuwa kisiwa chenye mivinje. Kuanzia miaka ya 1970 bahari ilianza kukila, na miaka michache baadaye haukubaki mti hata mmoja. Leo ni fungu la mchanga mweupe linalojitokeza maji yakipwa na kuzama yakijaa. Mayai ambayo kasa wangeyataga huko yangeoshwa na mawimbi, na kwa hiyo watu wa Ushongo wamekuwa wakiyahamishia ufukweni kwao ili yaanguliwe salama.

Tulisimama kwenye fungu hilo kwa saa mbili hivi, tukaogelea, kisha nahodha akatuita kwa sababu maji yalikuwa yameanza kurudi. Mama hakupanda mashua. Alitusubiri chini ya mnazi na tasbihi yake, na tuliporudi alituuliza kama kweli hakuna mivinje. Yeye ni mzaliwa wa Pangani. Alipokuwa msichana, alisema, mivinje ya Maziwe ilionekana kutoka pwani kama mstari mweusi juu ya maji, na wavuvi waliitumia kuwa alama ya kurejea nyumbani.

Jioni tulifika Bweni na kuvuka mto kwa kivuko. Mto Pangani huleta maji kutoka Kilimanjaro na Meru, na mahali unapoingia baharini rangi mbili za maji hukaa ubavu kwa ubavu, kahawia na buluu. Mjini, milango ya nakshi ingalipo kwenye nyumba kadhaa ambazo kuta zake zimeanza kulala. Katika mji huu Wajerumani walimnyonga Abushiri mwezi wa Desemba 1889. Tulikula wali wa nazi na tasi wa kuchoma karibu na gati, na Mama akaamkiwa na watu wawili waliomtambua kwa sauti kabla ya sura.

Shambani

Asubuhi ya siku ya nne tulielekea shambani. Barabara ya kutoka Pangani kwenda Tanga huiona bahari kwa vipande, na safari hii vipande vilikuwa vimepungua. Mahali pengi pamejengwa kuta na uzio wa mabati, na njia za miguu zilizokuwa zikishuka pwani zimeishia kwenye mageti. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Lakini ukanda huo hauna faida kwa mvuvi asiye na pa kupita ili aufikie.

Shamba lina ekari saba. Minazi mingi imezeeka, na kadhaa imekatika vichwa. Katikati yake inapita njia kutoka kijijini hadi ufukweni, na kando ya njia kipo kisima chenye ukingo wa saruji na roda ya chuma. Tulifika saa mbili asubuhi tukakuta foleni ya ndoo. Maji ya visima vingine pale kijijini yana chumvi, haya ni matamu. Wavuvi waliotoka baharini walikuwa wakinawa nyuso na kujaza vidumu vyao, wakina mama wakichota ya kupikia. Mnunuzi alikuwa ametaka shamba zima mpaka mchangani, liwe na uzio, na mtu asipite.

Tulipokuwa tukitafuta alama za mipaka, imamu wa msikiti wa kijiji alikuja na fimbo yake. Alimsalimia Mama kwanza, akamwombea marehemu, kisha akaomba tuketi. Akasema kwamba amesikia habari za kuuzwa kwa shamba, na kwamba hana neno na mali ya watu, ila ana amana ambayo asingependa kufa nayo. Mwaka wa ukame, ule uliotangulia mvua za El Niño, marehemu alikichimba kisima hiki pamoja na vijana wawili wa hapa. Maji yalipotoka akayaonja, akasimama, akasema mbele yao: kisima hiki na njia yake nimevitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, wanywe wote na wapite wote. Mmoja wa vijana wale wawili ni yeye imamu mwenyewe. Wa pili ni muadhini wake, ambaye tulimkuta msikitini na ambaye, bila kuambiwa mwenzake amesema nini, alitusimulia jambo lilelile kwa maneno yaleyale.

Hapakuwa na karatasi. Mama wakati huo alikuwa Tanga mjini na watoto wadogo. Habari aliyoletewa ni moja tu, kwamba maji yametoka na ni matamu. Aliomba ndoo, akateka kopo la maji, akaketi, akanywa kwa pumzi tatu. Kisha akasema, "Baba yenu neno lake alikuwa halirudii mara mbili."

Tulilala palepale chini ya minazi. Upepo wa kusi ulikuwa ukivuma usiku kucha na makuti yakigongana. Sisi wawili tulikaa nje tukipiga hesabu upya, na hesabu haikukubali. Mkopo wa serikali haujulikani utapatikana au la, mishahara yetu tunaijua, na ekari zenye njia ya watu katikati haziwezi kupata bei ya ekari zisizo na njia. Kulipopambazuka tulimkuta mtoto wetu wa kwanza, ambaye ada yake ndiyo iliyokuwa ikizungumzwa, ameshika utepe wa kupimia pamoja na mdogo wake. Alikuwa akipima upana wa njia, hatua kwa hatua, kutoka kisimani hadi mchangani, na kuandika kwenye daftari. Hakutuuliza kitu, nasi hatukumwambia kitu.

Tongoni

Siku ya tano tulisimama Tongoni, mji ulioitwa pia Mtangata katika maandishi ya kale. Msikiti wake umebaki kuta na nguzo, na umezungukwa na makaburi mengi ya nguzo kuliko ilivyo kawaida katika pwani hii. Nguzo nyingi zimeanguka. Katika baadhi yake kuna mashimo ya mviringo ambamo zilipachikwa bakuli za kaure kutoka Uchina. Bakuli zimekwisha kung'olewa, mashimo yamebaki. Karibu na hapa, mwaka 1499, Vasco da Gama aliichoma moto São Rafael, mojawapo ya meli zake, kwa kukosa mabaharia wa kutosha wa kuiendesha. Upande wa pwani bahari inaendelea kula ardhi.

Tuliwatolea salamu waliolala pale kama tulivyofundishwa kuwasalimia watu wa makaburini, tukawaombea. Baada ya hapo hatukukawia. Mtume wetu (SAW) ametufundisha kwamba safari humnyima mtu usingizi wake, chakula chake na kinywaji chake, na aliyemaliza haja yake na aharakishe kwa watu wake.

Kikao

Tuliingia Tanga kabla ya magharibi. Tulipitia msikitini kwanza, tukasali rakaa mbili za kurejea, na usiku huo isha ikawa rakaa nne. Ruhusa ya msafiri ilikuwa imekoma.

Jumamosi tulitoa taarifa yetu, na haikupokewa kwa wepesi. Kaka alikuwa na hoja, wala haikuwa hoja ya choyo: yeye ndiye aliyebeba gharama za ugonjwa wa baba, nyumba yake imesimama bila paa, na maneno ya miaka mingi iliyopita yasiyo na maandishi yanaweza kudaiwa na yeyote. Dada zetu waligawanyika. Hatimaye tulikubaliana kumwita sheikh anayeijua elimu ya mirathi, na gari letu likarudi shambani kuwachukua wale wazee wawili.

Sheikh aliwasikiliza mmoja mmoja. Kisha akatufafanulia kwamba mali ya marehemu haianzi kugawanywa kabla ya kuondolewa kisicho chake: madeni ya watu, wasia usiozidi theluthi, na kile alichokitoa mwenyewe akiwa hai na mzima. Wakfu uliotamkwa na kushuhudiwa na mashahidi wawili waadilifu umekwisha kutoka mikononi mwa mwenyewe. Hauingii katika kuuza wala katika kurithi, hata warithi wote wakiridhia, kwa sababu wanakuwa wanaridhia kisicho chao. Alitukumbusha ardhi ya Khaybar aliyoitoa Umar (RA), na kisima cha Ruma alichokinunua Uthman (RA) pale Madina akakiacha kwa Waislamu. Kilichobaki cha shamba, akasema, ni halali yenu. Mkiuza, uzeni.

Kaka alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha aliomba daftari lenye vipimo, akaviandika kwa mkono wake katika karatasi ya makubaliano: kisima, eneo la kukizunguka, na njia ya mita tatu hadi mchangani. Mashahidi walitia sahihi, nasi sote tukatia. Hatua inayofuata ni kuteua wadhamini na kuwasajili RITA, ili wakfu huu usitegemee tena kumbukumbu za wazee wawili.

Mnunuzi ameelezwa kwamba sasa anauziwa vipande viwili vyenye njia ya watu katikati. Amesema atafikiri, na hadi tunapoandika makala haya hajajibu. Paa la kaka bado halijapigwa. Matokeo ya kidato cha sita hayajatoka, na ada tutaitafuta kwa njia nyingine, in shaa Allah. Lakini Mama, aliyekuwa mwenye thumuni ya shamba lote, alisema kwamba hajapungukiwa na kitu, kwa sababu amali ya mumewe ingali inaandikwa kila ndoo inapopanda.

Tunayaandika haya kwa ajili ya familia nyingine zenye mashamba ya wazee katika pwani hii, na ni nyingi. Kabla ya kikao cha mirathi, nendeni mkalale shambani walau usiku mmoja. Waulizeni majirani, imamu, wakwezi na wavuvi: marehemu aliahidi nini hapa, alimruhusu nani, alitoa nini? Na nyinyi mlio hai, mkitoa kisima, njia au kiwanja kwa ajili ya Mola wenu, kiandikeni siku ileile, mtaje mipaka, na muwape nakala watoto na jirani. Mzee mwenye ushahidi akiondoka, ushahidi wake huzikwa naye, na ukuta hujengwa kwa wiki moja tu. Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atuwezeshe kuilinda amana yao. Amin.